Mji wa Maboksi

Ijumaa za Kwaresima, Milwaukee nzima hula samaki. Usiniulize nani alianza. Hata wasiofunga hupanga foleni. Ukumbi wa chini wa kanisa la mtaa anakoishi Corliss Hightower ulikuwa umejaa mpaka ngazini, makoti yamelundikwa juu ya viti, mafuta ya kukaangia yananukia hadi barabarani. Mama mmoja mwenye aproni alikuwa akiita namba kwa sauti ya kuamsha wafu. Walikuwa wameita hamsini na moja. Corliss alikuwa na themanini na tatu.

Mwalimu wa chekechea hajui kukaa bure. Akatoa mkasi mkobani, akatoa na picha, akaanza kukata. Alikuwa amevaa sweta ya kijani na hereni kubwa za mbao, nywele amezifunga juu kwa kitambaa, na vidole vina gundi iliyokauka tangu asubuhi.

Mwanamume akaja akasimama mbele yake. Mrefu, ndevu zimechongwa vizuri, koti la kazi safi lakini limechakaa mabegani. Akauliza kama kiti kile kina mtu, akaambiwa akae, akakaa. Akatazama picha moja moja bila kuficha kwamba anatazama.

"Zima moto," akasema. "Nesi. Polisi. Mtu wa posta. Dereva wa basi la shule. Hawa wote jamaa zako?"

"Ni watu wanaotusaidia mjini. Watoto wangu wanajifunza nani anatufanyia nini."

"Unao wangapi?"

"Kumi na tisa."

"Hongera, dada. Huonekani hivyo."

Corliss akacheka akitaka asitake. Akamweleza kwamba ni wa darasani, wa miaka mitano mitano. Yule bwana akatikisa kichwa kama mtu aliyetuliwa mzigo, kisha akauliza kama hao wa kwenye picha ndio wote. Corliss akasema nadhani.

"Haya. Pipa lako la taka, ukiliweka nje limejaa, ukirudi jioni tupu. Nani kalimwaga? Nesi?"

Mkasi ukasimama. Miaka tisa Corliss alikuwa akifundisha somo lile kila mwaka, na kwa miaka tisa mzoa taka hakuwahi kuwamo ukutani. Aliona aibu ya kweli, ile inayopanda shingoni. Kumbe yule bwana ndiye aliyekuwa akizoa taka za uchochoro wa nyuma ya shule yao, kila Alhamisi asubuhi. Jina lake Emmett Pettway, na namba yake ya samaki ilikuwa themanini na nne.

"Simama pale ukutani," Corliss akamwambia. "Nikupige picha. Jumatatu utakuwa darasani kwangu."

Akasimama, akatabasamu, akapigwa. Samaki walipokuja wakala pamoja, na mkate mweusi, na kabichi iliyokatwakatwa, na kabla kahawa haijaisha wakawa wamepeana namba za simu.

Tangu hapo ikawa simu. Emmett alipiga saa kumi na mbili kamili jioni, kwa kuwa yeye saa tatu usiku amelala na saa kumi alfajiri yuko macho. Alimwita Mwalimu. Corliss alimwita Themanini na Nne. Alimtania kwamba mtu anayelala pamoja na kuku hawezi kuwa na mwanamke mwingine, muda ataupata wapi, na Emmett akajibu kwamba hata huyu mmoja amempata kwenye foleni. Jumamosi walikwenda kula aiskrimu hata siku za theluji. Emmett alipiga pasi mashati mpaka mikunjo ikakata, na Corliss akanunua gauni la manjano lenye vifungo mgongoni, ambalo bei yake hakumwambia mtu.

Na Alhamisi, gari la taka likipita uchochoroni, watoto kumi na tisa walikimbilia dirishani kumpungia mkono. Emmett alivua kofia akainama kama mbele ya malkia. Dereva wake, mzee Thurman, alipiga honi mara mbili. Darasa lilijua jina lake kabla halijajua jina la meya.

Mwezi wa tano walianza kujenga mji. Kila mtoto alichagua mtu anayetusaidia na kumjengea mahali pake kwa maboksi: kituo cha zima moto, zahanati, maktaba, posta. Pahoua, binti mdogo wa Kihmong, mwenye asili ya Asia, asiyecheka ovyo, alikataa vyote akasema anataka gari la taka. Akalijenga siku nne. Dirishani akabandika picha ya Emmett. Mji ule ulikuwa wa maonyesho ya mwisho wa mwaka, Jumatano ya wiki ya kwanza ya Juni, wazazi wote waje kutazama.

Sasa sikiliza mahali mambo yalipoharibikia.

Jumatatu ya mwisho ya mwezi ule ni sikukuu ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa vitani. Mama yake Corliss, Bi Ernestine, huchoma mbavu uani kwake, na mwaka huo Emmett alialikwa kwa mara ya kwanza. Bi Ernestine ni mzee wa kanisa, mama wa kofia, hata uani alikuwa amevaa moja yenye ua la zambarau. Akamkaribisha kijana, akampa sahani, akamuuliza anafanya kazi gani.

Emmett akafungua mdomo. Corliss akamtangulia.

"Yuko serikali ya jiji, mama."

Si uongo. Mzoa taka wa Milwaukee ameajiriwa na jiji. Lakini wewe na mimi tunajua kwa nini mtu husema hivyo, na Emmett naye alijua. Akatazama sahani yake. Akala, akashukuru, akasaidia kukunja meza, na garini hakusema neno mpaka nyumbani kwa Corliss. Alipoulizwa akasema amechoka. Corliss akaukubali uchovu ule kwa sababu ulimfaa.

Jumanne hakupiga. Jumatano akapiga, sauti kavu kidogo. Walizungumza mambo madogo madogo, naye katikati akamwambia kwamba wiki hii sikukuu imesogeza zamu siku moja, kwa hiyo uchochoro wa shule watapita Ijumaa alfajiri, si Alhamisi. Corliss alikuwa amepiga magoti sakafuni, utepe wa gundi mdomoni, paa la maktaba linamwangukia.

"Sawa, mpenzi," akasema.

Hakusikia hata neno moja. Hakuuona hata ule upungufu, Alhamisi asubuhi, kwamba honi haikulia. Siku hiyo watoto walikuwa wakipaka rangi na kelele zilikuwa zao wenyewe. Mchana rangi ilikuwa bado mbichi na darasa linanuka. Corliss akaubeba mji mzima, boksi kwa boksi, akaupanga nje chini ya upenu wa nyuma, kando ya mapipa, ukauke usiku kucha. Mvua haikutarajiwa. Na zamu ya taka, kwa hesabu yake, ilikwisha pita.

Ijumaa saa moja unusu asubuhi alikuta ukuta mtupu na mapipa yamemwagwa.

Alisimama pale na kikombe chake cha chai mpaka chai ikapoa. Kisha akapiga simu ya Emmett. Akapiga tena. Mpaka kengele ya darasa inalia alikuwa amepiga mara nane na hakupokelewa hata moja, na hapo hasira ikashika nafasi ya butwaa. Mtu huyu aliujua mji ule. Alikuwa ameonyeshwa picha zake kila jioni. Angewezaje kuutia kwenye gari, na sasa anajificha nyuma ya simu?

Watoto waliposikia kwamba mji haupo walilia, wengine kwa sababu ya mji, wengine kwa sababu wenzao wanalia. Pahoua hakulia. Alikwenda dirishani akayatazama mapipa, akarudi.

"Mtu wa taka ameuchukua," akasema.

"Basi ni mwizi," akasema mwingine, na neno likazunguka darasa zima.

Pahoua akaburuta kiti mpaka ukutani, akapanda, akabandua picha ya Emmett kati ya nesi na mtu wa posta. Akamletea mwalimu wake mkononi.

"Huyu hatusaidii."

Hapo ndipo mwalimu alipotakiwa kusema kitu. Corliss, kwa hasira yake na zile simu nane, aliichukua ile picha akaitia kwenye droo, akafunga. Hakusema lolote, na watoto wa miaka mitano husoma kimya kuliko wanavyosoma vitabu.

Jumamosi kimya. Jumapili asubuhi ukaja ujumbe mfupi: *Nimeelewa. Usijisumbue kueleza.* Corliss akausoma mara tatu akitafuta alichoelewa. Yeye ndiye aliyekuwa akidai maelezo. Akatupa simu kitandani, akaenda jikoni kupika mayai, na alipofungua friji macho yakaangukia kalenda ya taka ya jiji, ile inayobandikwa na kila mtu na kusomwa na wachache. Wiki ya sikukuu ilikuwa imepakwa kijivu. Alhamisi imehamishiwa Ijumaa.

Mlango wa friji ukabaki wazi. Jumatano ile ikamrudia, utepe mdomoni, sauti kavu ya Emmett, na yeye mwenyewe akisema sawa, mpenzi. Akajaribu kuiona Ijumaa kwa macho ya yule mwanamume. Amemwambia mwanamke siku atakayopita. Anapita siku hiyo, anakuta kando ya mapipa, mahali pa vitu vya kutupwa, uso wake mwenyewe unamtabasamia kutoka dirisha la boksi. Na siku nne nyuma, mbele ya sahani ya mbavu, mwanamke huyo huyo aliona aibu kutaja kazi yake.

"Mungu wangu," akasema Corliss peke yake. Mayai yakaungua.

Angeweza kuandika ujumbe. Aliandika minne na kuifuta. Aibu iliyosemwa mbele ya watu haifutwi faraghani kwenye simu, hilo alijua. Hata darasani kwake, aliyemkosea mwenzake mbele ya wote humwomba radhi mbele ya wote. Akaamua, na Corliss akiamua huwa ameamua.

Jumatatu asubuhi aliwakalisha watoto kwenye zulia, akatoa picha kwenye droo.

"Mji wetu niliuweka mimi kando ya mapipa," akawaambia. "Nilisahau siku. Emmett alifanya kazi yake. Mwenye kosa ni mimi, na Ijumaa mlipomwita mwizi nikanyamaza, na hilo ni kosa la pili."

Wakamwangalia. Mmoja akauliza kama mwalimu naye hukaa kwenye kiti cha kutulia, wanachokalishwa wao wakikosa. Corliss akasema ndiyo, akaenda akakaa, dakika tano kamili, magoti yamefika kidevuni. Kisha akaibandika picha mahali pake kwa gundi ya kutosha, akatangaza kwamba wana siku mbili za kujenga mji mwingine. Maboksi walipewa na duka la viatu la mtaa wa pili. Pahoua alijenga zahanati. Gari la taka alikataa kulijenga tena, na hakuna aliyemlazimisha.

Saa nane na nusu mchana, watoto wakiwa wamekwenda, Corliss alikuwa langoni pa kituo cha magari ya taka, gauni la manjano lina rangi ya bluu kifuani. Magari yalikuwa yamerudi, wanaume wako kwenye mabomba wanaosha viatu. Mzee Thurman akamwona kwanza.

"Wewe ndiye mwalimu?"

"Ni mimi."

"Ulimtupa rafiki yetu kando ya pipa, mama. Kweupe. Nimeendesha gari hili miaka ishirini na mbili, sijawahi kumwona mtu akijizoa mwenyewe."

"Sikumtupa. Nimekuja kusema hivyo, na nataka muwe hapa nyote."

Emmett alikuwa ameinuka. Hakusogea karibu. Maji yalikuwa yakimwagika kwenye kiatu chake na hakuyafunga.

"Nilikwambia Jumatano," akasema.

"Uliniambia. Nilisema sawa na sikuwa nimesikia. Niliuweka nje ukauke rangi, Emmett. Nilidhani mmekwisha pita."

"Nililishika lile gari la boksi mkononi. Thurman shahidi. Nikasema, mwanamke huyu anajua siku yangu, anajua ni mimi nitakayeinama kuokota. Kama amenichoka angepiga simu."

"Ukalitupa."

"Nikalitupa. Kando ya pipa, siku ya zamu, ni taka. Hiyo ndiyo kazi yangu, ile uliyoificha kwa mama yako."

Wanaume wote wakawa wanaosha viatu vilivyokwisha takata. Corliss alihisi uso unawaka. Alikuwa na maneno tayari ya kujitetea, kwamba mama ni mkali, kwamba hakukusudia. Akayameza.

"Niliificha," akasema. "Watoto kumi na tisa nawafundisha kila siku kwamba kazi yako ni heshima, nikafika kwa mama yangu nikaona haya. Uliniona nikiona haya. Nisamehe. Ninakupenda, na ninasema mbele ya wenzako kwa sababu aibu ile nayo niliionyesha mbele ya watu."

Emmett akafunga maji.

"Sijui, Corliss," akasema. "Mtu akikuonea haya mara moja, unabaki unajiuliza lini tena."

"Jiulize. Jumatano saa nane mchana, mama yangu atakuwepo, wazazi watakuwepo. Watoto walikuita mwizi na kuna mmoja bado anakuita hivyo moyoni. Njoo na nguo zako za kazi. Usipokuja nitajua jibu, na sitakusumbua tena."

Akageuka akaondoka kabla machozi hayajamwaibisha. Nyuma yake alimsikia Thurman akimwambia mtu kwamba ni mjinga. Hakujua ni nani kati yao.

Jumatano darasa lilijaa. Mji mpya ulikuwa umepinda kuliko ule wa kwanza, posta imeegemea maktaba, lakini ulikuwepo. Saa nane ikafika. Saa nane na robo. Mkuu wa shule akamwomba Corliss aanze, akaanza, mtoto mmoja mmoja akisimama kueleza nani anatusaidia na kwa nini. Sauti ya Corliss ilikuwa imara. Macho yalikuwa mlangoni.

Saa nane na dakika ishirini na tano mlango ukafunguka. Emmett aliingia na suruali ya kazi, fulana ya rangi ya chungwa yenye mistari ya kung'aa, viatu vimesuguliwa. Alinuka sabuni. Wazazi wakampisha wakidhani kuna bomba limepasuka mahali.

Corliss hakumngoja afike. Akamshika mkono akampeleka mstari wa mbele, kwenye kofia yenye manyoya.

"Mama, siku ile sikukwambia sawasawa. Emmett anazoa taka. Ndiye anayezoa za shule hii."

Bi Ernestine akampima kijana kuanzia viatu hadi ndevu. Kisha akauliza kwa nini pipa lake yeye huachwa katikati ya njia kila wiki. Emmett akamjibu kwa adabu kwamba mtaa ule si zamu yake.

"Basi mwambie mwenye zamu," akasema Bi Ernestine. "Na wewe Corliss, kumbe ndilo ulilokuwa ukificha? Nilidhani amewahi kufungwa jela."

Watu wakacheka, Emmett naye akataka kucheka, ila Pahoua alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni. Emmett akachuchumaa mpaka macho yao yakalingana.

"Kwa nini ulichukua mji wetu?"

"Nilidhani mwalimu wenu hautaki tena. Nilidhani ameutupa, na mimi pamoja nao."

"Alikwambia?"

"Hapana."

"Ulimuuliza?"

"Sikumuuliza."

"Ungemuuliza," akasema Pahoua.

Emmett alikaa vile vile amechuchumaa, akisugua goti. Alionekana amechoka na amepigwa pale panapouma. Akamwomba radhi Pahoua, na darasa zima, kwa majina aliyoyakumbuka, na alikumbuka mengi. Kisha akainua macho juu ya vichwa vya watoto akamtazama Corliss.

"Naweza kumuuliza sasa?"

"Inua mkono kwanza," watoto watatu wakasema kwa pamoja.

Akasimama, akainua mkono, mkono mkubwa wenye sugu za mapipa. Corliss akamnyooshea kidole kama anavyomnyooshea mtoto yeyote anayengoja zamu yake.

"Ndiyo, Emmett."

"Corliss Hightower, utakubali nikuoe?"

Tangu Jumapili Corliss alikuwa amemtungia mwanamume yule maneno mengi, ya kuomba, ya kueleza, ya kulaumu. Akayaacha yote.

"Nakubali," akasema. "Nakubali, Emmett."

Wazazi wakapiga makofi, Bi Ernestine akaketi chini ghafla akitafuta leso, na Emmett akabaki amesimama katikati ya watoto, mkono bado uko juu, hajui aende wapi. Pahoua akamvuta suruali.

"Sasa umeuliza," akamwambia. "Sasa mchukue."